UZI: Noi vivi (1942), filamu iliyopitishwa na serikali ya Mussolini kisha ikapigwa marufuku na serikali hiyohiyo

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Humu tumejadili mara nyingi filamu za Kiitaliano za baada ya vita, zile za mitaani zenye kuta zilizobomoka na waigizaji wasio na majina, lakini zilizotengenezwa wakati Mussolini angali madarakani huwa tunazipita kwa neno moja tu: propaganda. Leo naomba nikae na moja kati ya hizo, kwa sababu naamini ni miongoni mwa filamu nzito zaidi za mapenzi zilizotengenezwa Ulaya katikati ya vita, na kwa sababu yaliyoipata baada ya kuonyeshwa yanafaa kujulikana. Inaitwa Noi vivi, yaani Sisi Tulio Hai, na sehemu yake ya pili inaitwa Addio, Kira!, yaani Kwaheri, Kira! Iliongozwa na Goffredo Alessandrini, ikatengenezwa na kampuni ya Scalera mjini Roma, na ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venezia mwezi Septemba 1942.

Nianze na kisa, kwa wale ambao hawajaiona. Tuko Petrograd, jina la wakati ule la mji wa St. Petersburg, mwaka 1922, miaka michache baada ya mapinduzi ya Urusi. Kira Argounova, binti wa familia iliyokuwa na kiwanda kabla serikali haijakitwaa, anarudi mjini pamoja na wazazi wake na kuingia chuo cha ufundi, akitamani kuwa mhandisi wa kujenga madaraja. Usiku mmoja anakutana barabarani na Leo Kovalensky, kijana wa ukoo wa kikabaila ambaye baba yake, afisa wa ngazi ya juu wa jeshi la majini, aliuawa na utawala mpya. Wanapendana, wanajaribu kutoroka nchi kwa meli, wanakamatwa. Chuoni Kira anafahamiana pia na Andrei Taganov, mtoto wa mfanyakazi, mpiganaji wa mapinduzi na sasa afisa wa polisi wa siri, mtu anayekiamini Chama cha Kikomunisti kwa moyo mweupe na asiyechukua rushwa ya mtu yeyote. Kisha Leo anaugua kifua kikuu. Kuna hospitali za wagonjwa wa kifua huko Crimea, kusini kwenye jua, lakini vitanda vyake haviwasubiri watoto wa makabaila. Kira anazunguka ofisi hadi ofisi na kote anajibiwa vilevile. Mwishowe anakuwa kimada wa Andrei, na pesa anazopewa ndizo anazozituma kumtibu Leo, bila Andrei kujua pesa zake zinakwenda wapi wala Leo kujua zinatoka wapi.

Nitaishia hapo kwa sasa, maana kinachofuata katika sehemu ya pili ni bora mkione wenyewe.

Kisa hiki kimetokana na riwaya ya Ayn Rand, mwandishi aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1905 na kuhamia Marekani mwaka 1926. Riwaya ilichapishwa huko Marekani mwaka 1936. Baadaye Rand alijulikana zaidi kwa falsafa yake ya ubinafsi na uhuru wa soko, ambayo mimi siikubali katika mengi, lakini riwaya hii ya kwanza ina uzito wa mtu aliyeyaishi anayoyaandika: njaa ya Petrograd aliijua kwa tumbo lake, na msako wa wanafunzi wenye asili mbaya vyuoni ulimkumba yeye mwenyewe. Riwaya ilitafsiriwa kwa Kiitaliano ikapata wasomaji. Ilipofika 1942, Italia na Marekani zilikuwa vitani, na Scalera walitengeneza filamu bila kumwomba mwandishi ruhusa na bila kumlipa hata senti. Yeye mwenyewe alikuja kupata habari hizo baada ya vita kwisha.

Sasa swali la kwanza ambalo lazima tujiulize ni hili: ilikuwaje serikali ya kifashisti ikairuhusu? Jibu ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Serikali ile ilikuwa imeishika tasnia ya filamu kwa mikono miwili. Mwaka 1934 iliundwa idara maalumu ya filamu chini ya Luigi Freddi, ambayo ilisoma miswada kabla kamera haijawashwa. Mwaka 1937 zikafunguliwa studio kubwa za Cinecittà. Na mwaka 1938 ikapitishwa sheria iliyoipa serikali mamlaka ya peke yake ya kuingiza na kusambaza filamu za kigeni, jambo lililoyafanya makampuni makubwa ya Hollywood yajitoe katika soko la Italia. Pengo hilo lilizibwa na filamu za nyumbani, na kufikia 1942 Italia ilikuwa inatengeneza zaidi ya filamu mia moja kwa mwaka. Nyingi ya hizo hazikuwa na siasa ya wazi kabisa. Zilikuwa visa vyepesi vya matajiri wanaopigiana simu nyeupe katika majumba yenye ngazi za marumaru, vya kumfanya mtazamaji asahau kwa saa moja na nusu bei ya mkate.

Katikati ya mwaka 1941 Ujerumani iliivamia Urusi, na Mussolini akapeleka majeshi yake huko upesi ili asiachwe nyuma. Mwaka uliofuata walikuwa zaidi ya laki mbili. Kwa hiyo riwaya inayoonyesha maisha chini ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, kuwa ni foleni, njaa na kushtakiana ilionekana kuwa zawadi. Tena mwongozaji alikuwa mtu wa kuaminika machoni pa wakubwa. Alessandrini, aliyezaliwa Cairo mwaka 1904, ndiye aliyeongoza Luciano Serra pilota mwaka 1938, filamu ya rubani ambayo sehemu yake ilipigwa Ethiopia iliyokuwa imetekwa, iliyosimamiwa na Vittorio Mussolini, mtoto wa kiongozi mwenyewe, na iliyopewa Kombe la Mussolini huko Venezia. Mwaka uleule wa 1942 alitoa pia Giarabub, filamu ya vita ya kuwasifu askari wa Italia waliozingirwa Libya. Nani angemshuku mtu kama huyo?

Wenye Scalera nao hawakuwa wapinzani. Walikuwa wakandarasi wa ujenzi waliotajirika kwa zabuni za serikali kabla ya kuingia katika filamu mwaka 1938. Nasisitiza hili mapema, kwa sababu nimesoma mahali pengi watu wakiielezea Noi vivi kana kwamba ilipangwa tangu mwanzo kuwa bomu la siri dhidi ya Mussolini. Nitalirudia suala hilo chini, kwa kuwa linahitaji nafasi yake.

(Naendelea na utengenezaji.)

Mswada wa kwanza waliuandika Corrado Alvaro na Orio Vergani, waandishi wawili wenye heshima zao, lakini uliachwa, na kazi ikamwangukia Anton Giulio Majano, ambaye alikuwa anaandika huku upigaji picha ukiendelea. Waigizaji walikabidhiwa kurasa siku kwa siku. Mtu akisikia hivyo anatarajia filamu iliyochanganyikiwa, na kwa kweli mambo yangeweza kuharibika, lakini haraka ile ilileta faida ambayo hakuna aliyeipanga: Majano hakuwa na muda wa kubuni, kwa hiyo alikuwa akirudi kwenye riwaya na kuchukua mazungumzo yake karibu kama yalivyo. Wakaguzi walikuwa wameridhia wazo la jumla la filamu inayoisema vibaya Urusi, kumbe kilichokuwa kinaingia kwenye kamera kila asubuhi ni kitabu chenyewe, pamoja na hoja zake zote kuhusu mtu mmoja na dola.

Jiji la Petrograd lilijengwa lote ndani ya studio za Roma, theluji na ukungu wake. Warusi waliokimbilia Italia baada ya mapinduzi walitumika kama waigizaji wa ziada, na wengine walisaidia katika mandhari, akiwemo msanifu Andrea Beloborodoff. Hilo linaonekana. Katika matukio ya umati kuna sura ambazo mwongozaji hakuhitaji kuzifundisha namna ya kusimama katika foleni ya mkate au namna ya kuvaa koti lililowahi kuwa la thamani. Filamu ilirefuka kupita kiasi cha kuonyeshwa kwa mkupuo mmoja, ikabidi igawanywe mara mbili, na ndiyo sababu tuna majina mawili.

Kuhusu waigizaji, wengi wenu mnamjua Alida Valli kwa The Third Man ya 1949 au Senso ya 1954. Hapa ana miaka 21 tu, na bado namhesabu kuwa amefanya kazi kubwa kuliko katika zote hizo. Alessandrini anaileta kamera karibu sana na uso wake na kuiacha hapo, na Valli halii kwa urahisi. Anakaza taya, anamtazama mtu moja kwa moja, na mtazamaji ndiye anayebaki na mzigo. Rossano Brazzi, aliyekuja kuwa nyota wa Hollywood miaka ya 1950, anamcheza Leo kwa uzuri wa sura na uchungu mwingi, pengine uchungu uliozidi kidogo katika nusu ya kwanza. Lakini filamu hii, kwa maoni yangu, ni ya Fosco Giachetti katika nafasi ya Andrei. Mtazamaji wa Kiitaliano wa wakati ule alimjua Giachetti kama sura ya askari shujaa wa dola tangu Lo squadrone bianco ya 1936, kisa cha wapanda ngamia wa jeshi la Italia katika jangwa la Libya. Sasa sura ileile ya nidhamu, iliyozoeleka kuvaa sare ya Italia, inavaa koti la ngozi la polisi wa siri wa Urusi, na mtazamaji anamheshimu bila kutaka.

Niwaelezee tukio moja, lile la upekuzi, bila kufichua mwisho. Leo amerudi kutoka Crimea akiwa amepona mwili lakini moyo umekufa; amejiingiza katika magendo ya vyakula akishirikiana na mtu wa ndani ya Chama. Andrei, ambaye anachunguza ufisadi huo kwa dhati, anakuja usiku na askari kupekua nyumba na kumkamata. Kira hayupo. Askari wanafungua droo, wanainua magodoro. Andrei anakwenda kwenye kabati la nguo, anafungua mlango, na ndani yake zimetundikwa nguo za mwanamke ambazo anazijua. Giachetti hageuki wala hapazi sauti. Anauliza maswali yaliyobaki kama afisa anavyotakiwa kuuliza, kwa sauti ileile, na amri ya kukamata inatekelezwa kwa utaratibu wake. Mtu ameona maisha yake yote yakianguka, na kazi inaendelea kwa sababu kazi ndiyo kitu pekee alichofundishwa kukifanya. Nimeona filamu nyingi za wivu, na sijaona nyingine iliyouonyesha kwa mlango wa kabati na ukimya.

(Sehemu ya kupokelewa na kupigwa marufuku.)

Baada ya Venezia, ambako ilitunukiwa, filamu iliingia katika majumba ya sinema ya miji ya Italia mwishoni mwa 1942, na watu wakajaa. Tukumbuke Muitaliano wa kawaida alikuwa anaishije msimu ule. Mkate ulikuwa wa kadi ya mgao tangu Oktoba 1941, gramu 200 kwa mtu kwa siku, na kufikia Machi 1942 zilishushwa hadi 150. Kazi ya serikali ilitaka kadi ya chama cha kifashisti. Polisi wa siri walikuwa na watoa habari mitaani na maofisini. Tangu sheria za ubaguzi wa rangi za 1938, wanafunzi na walimu wa Kiyahudi walikuwa wamefukuzwa mashuleni na vyuoni kwa kosa la kuzaliwa. Mtu huyo anakaa gizani na kutazama foleni za mkate, kadi za Chama, majirani wanaopelekeana majina, na mabaraza yanayowafukuza vijana chuoni kwa sababu ya wazazi wao. Hakuhitaji kuelezwa. Wakati huohuo, mwezi Desemba, mstari wa Waitaliano kwenye mto Don huko Urusi ulikuwa unavunjwa na Jeshi Jekundu, jeshi la Urusi, na familia nyingi zilikuwa zinasubiri barua ambazo hazikufika.

Watu wakaanza kuyageuza majina ya filamu kwa mzaha: Noi vivi ikawa Noi morti, yaani sisi tuliokufa, na Addio, Kira! ikawa Addio, lira!, kwaheri sarafu. Mzaha wa aina hiyo ukianza kuzunguka mabarazani, serikali yoyote ya mabavu hushtuka. Baada ya miezi michache filamu iliondolewa katika majumba ya sinema kwa amri, na nakala zikatakiwa ziharibiwe. Inasimuliwa kwamba kampuni ilikabidhi mikanda ya filamu nyingine ikateketezwa kwa jina la hii, na mikanda ya asili ikafichwa. Mwezi Julai 1943 Mussolini mwenyewe aliangushwa.

Kisha kimya cha miaka mingi. Ni mwaka 1968 ambapo wanasheria wa Rand, Erika na Henry Mark Holzer, waliipata mikanda hiyo Roma baada ya kuitafuta kwa muda. Ilikuwa ya nitrati, aina ya filamu inayoshika moto kwa urahisi na kuoza yenyewe ikihifadhiwa vibaya, kwa hiyo ilinakiliwa kwenye filamu salama na nakala ikapelekwa Marekani. Rand, akiwa mwandishi mwenye haki ya kulalamika kwamba aliibiwa kazi, aliipenda filamu, na hasa alimpenda Valli. Alikaa na kijana aliyeitwa Duncan Scott kwenye mashine ya uhariri, wakafupisha visa vya pembeni na kuondoa maneno ya propaganda ya kifashisti yaliyopachikwa mahali ambapo riwaya haikuwa nayo. Rand alifariki mwaka 1982 kabla kazi haijakamilika. Toleo hilo, likiwa filamu moja ya karibu saa tatu yenye tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, lilionyeshwa katika tamasha la Telluride, Marekani, mwaka 1986.

Sasa nijibu maswali na maoni ya wanajukwaa waliochangia uzi huu.

Mkuu aliyeuliza kama basi tuiite filamu ya upinzani: kwa heshima zote, hapana. Upinzani unahitaji nia, na ukitazama watu walioitengeneza, zabuni zao na filamu zao nyingine za mwaka uleule, nia hiyo haionekani. Walitaka filamu kubwa ya mapenzi yenye baraka za wakubwa dhidi ya adui wa vita, na kulikuwa na maneno ya propaganda ndani yake. Ambacho hawakukidhibiti ni mambo mawili. Kwanza, walichagua kitabu ambacho hakilaumu utaifa wa mtu wala rangi ya bendera; kinalaumu kila dola inayojipa haki ya kuamua nani asome, nani atibiwe na nani aishi. Pili, walimfanya afisa wa polisi wa siri kuwa mtu mwadilifu kuliko wote katika kisa. Bango la propaganda lingemfanya Andrei kuwa jitu katili, na mtazamaji angerudi nyumbani akiwachukia Warusi. Alipofanywa kuwa mtu safi anayegundua kwamba alichokitumikia kinawala watu, kila mtazamaji aliyewahi kula kiapo cha chama chochote alilazimika kujitazama. Mimi nadhani hilo liliwatisha wakubwa kuliko foleni za mkate.

Dada aliyesema kwamba hawezi kumtenganisha mwandishi na siasa zake za baadaye, namwelewa, na simshawishi abadili msimamo wake juu ya Rand. Ninachomwomba ni kuangalia kwamba filamu haikuwa mikononi mwa Rand ilipotengenezwa. Hotuba ni chache kuliko katika vitabu vyake vya baadaye, na Valli na Giachetti wanampa kila mmoja wa wahusika wao udhaifu wa kibinadamu ambao falsafa ile huwa haiuvumilii. Kira anadanganya. Anamtumia mtu aliyemwamini, na filamu haimpi msamaha wa rahisi. Katika makabiliano yake na Andrei baada ya ukweli kujulikana, kila mmoja ana haki, na hakuna anayeshinda. Huko nyuma niliona watu wakilitazama tukio hilo kama ushindi wa Kira kwa maneno makali. Ningewasihi wamtazame Giachetti wakati Kira anazungumza.

Kasoro zipo, na ni vizuri kuzisema. Mazungumzo ni mengi, mandhari ya studio yanabana hasa katika matukio ya mitaani, na muziki wa Renzo Rossellini, ndugu yake mwongozaji Roberto Rossellini, mara nyingine unamwambia mtazamaji alie kabla hajawa tayari. Katika toleo la 1986 baadhi ya ndugu za Kira wanatokea na kutoweka bila kueleweka, kwa sababu visa vyao vilikatwa.

Kwa aliyeuliza atafute toleo gani: aanze na hilo la saa tatu, kwa kuwa limesafishwa na lina tafsiri, kisha akipata nafasi atafute sehemu mbili za asili za Kiitaliano zilivyokuwa mwaka 1942. Anayezitazama zote mbili ataona ni wapi mstari wa propaganda uliingizwa, na ataona pia kwamba filamu ilikuwa imesimama bila mstari huo. Kama kuna mwanajukwaa ambaye ameziona sehemu za asili kwa ukamilifu, namwomba atuandikie kuhusu visa vya ndugu za Kira, maana hapo ndipo matoleo haya mawili yanapotofautiana zaidi.